Ulizeni umri kabla ya kuandika dawa

Tuwaweke kwenye benchi moja watu watatu waliofika kituo cha afya asubuhi moja hapa Bisil, Kaunti ya Kajiado. Wa kwanza ni mtoto wa miaka 6, kaletwa na mamake. Wa pili ana miaka 24 na amebeba mtoto mchanga mgongoni. Wa tatu ni nyanya wa miaka 58, kaja kwa bodaboda kutoka ndani ndani huko Matapato. Lalamiko lao ni moja: sehemu za siri zinawasha na kuchoma. Wakitoka hapo na karatasi tatu zilizoandikwa dawa moja, huenda wawili kati yao wamepewa dawa ya mtu mwingine.

Msimamo wetu ni mfupi. Uke una bakteria wake, na bakteria hao hubadilika umri unapobadilika. Kinachomlinda mwanamke akiwa na miaka 24 hakikuwapo alipokuwa na 6, na kitakuwa kimepungua akifika 58. Huduma isiyouliza umri inabahatisha. Kwa sasa mfumo wetu wa afya unamwona mwanamke vizuri akiwa na mimba, unamwona kidogo kabla ya hapo, na hedhi ikikoma unampa mgongo.

Tutatumia neno uke katika maoni haya kwa sababu ndilo jina lake. Tunajua linatia haya. Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na doa jekundu kwenye suti yake nyeupe, akatakiwa atoke akabadilishe. Kama jumba la watunga sheria lilishtushwa na doa, nyanya wa Matapato atapata wapi ujasiri wa kumwambia kijana aliyevaa koti jeupe kwamba anachomwa akienda haja ndogo? Haya ina gharama yake, na anayeilipa ni yule nyanya.

Hata hivyo jambo lenyewe si geni kwa watu wa hapa. Kila boma linajua kibuyu cha maziwa. Maziwa yanayomiminwa humo hayaozi, huchacha. Wanaofanya kazi hiyo ni bakteria: hula sukari ya maziwa, hutoa asidi, na asidi hiyo huwanyima nafasi wadudu waharibifu. Mwaka 2004 watafiti walichapisha uchunguzi wa kule naoto, maziwa ya Wamaasai yanayochachushwa kibuyuni, na wakakuta kwamba wakazi wakuu humo ni bakteria wa jamii ya laktobasila. Asidi yenyewe, inayoitwa laktiki, ilitambuliwa katika maziwa yaliyochacha na mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1780. Na mwaka 1892 daktari Mjerumani, Albert Döderlein, akaeleza bakteria wa namna hiyo hiyo wanaoishi ukeni. Ukoo ni mmoja, nyumba mbili.

Tusichanganye mambo, lakini. Anayemlinda mwanamke ukeni, hasa yule aitwaye Lactobacillus crispatus, si yule anayechachusha maziwa ya kibuyu. Kunywa mala, yaani maziwa yaliyochacha, ni lishe nzuri, ila si tiba ya uke. Na mtu yeyote asitie maziwa, mtindi wala asali huko ndani.

Kinachowalisha bakteria hawa wa ukeni ni homoni ya estrojeni, ambayo hutoka hasa kwenye ovari. Estrojeni hunenepesha ukuta wa uke na kuujaza glaikojeni, ambayo ni aina ya wanga. Wanga huo ukimeng'enywa huwa sukari ndogo ndogo, laktobasila wakazila na kutoa asidi ya laktiki. Kipimo cha pH kinashuka hadi kati ya 3.5 na 4.5, si mbali na uchachu wa mala. Katika kipimo hicho kila namba moja inayoshuka ni uchachu mara 10 zaidi, na katika uchachu wa namna hiyo wadudu wengi wa magonjwa hawafurukuti. Estrojeni ikipungua, mambo hugeuka: ukuta unakuwa mwembamba, wanga unapungua, laktobasila wanakosa chakula, uchachu unapotea na wadudu wengine wanahamia.

Kwa hiyo turudi kwenye benchi letu, tuanze na mdogo.

Mtoto wa kike huzaliwa na estrojeni ya mamake mwilini, ndiyo maana katika wiki chache za mwanzo uke wake huwa na uchachu. Homoni hiyo ikishatoka, uchachu nao huondoka, na mpaka abalehe laktobasila watakuwa wachache. Hiyo ndiyo kawaida ya utoto. Fangasi hupenda mwili wenye estrojeni, kwa hiyo kwa mtoto aliyeacha nepi na ambaye hajabalehe, fangasi ukeni ni nadra. Mtoto wa miaka 6 anayewashwa mara nyingi anasumbuliwa na sabuni kali, nguo ya ndani inayobana, kujipangusa kutoka nyuma kuja mbele, minyoo, au kitu kidogo kilichokwama ndani. Pia mhudumu lazima awe macho kwa dalili za unajisi, kwa upole na faraghani. Krimu ya fangasi ikitolewa haraka haraka, inaweza kufunika swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku hiyo.

Binti akikaribia kubalehe, homoni hupanda na laktobasila huanza kuongezeka, mara nyingi kabla hata ya hedhi ya kwanza. Ute mweupe anaouona kwenye nguo ya ndani miezi kadhaa kabla ya damu ni dalili kwamba mwili unajiandaa. Asipoambiwa hivyo, hudhani ni uchafu. Na akishadhani ni uchafu, ameshaanza safari ya kujiosha ndani kwa sabuni.

Huyu wa miaka 24 yumo katika miaka ya mabadiliko ya kila wiki. Damu ya hedhi ina pH ya karibu 7.4, na shahawa nazo ziko juu ya 7. Kila zinapopita, uchachu unapungua, kisha laktobasila wanaurudisha. Wasipofaulu, bakteria wengine kama Gardnerella hushika nafasi, na hapo ndipo tunapata BV, ile hali ya majimaji mepesi ya kijivu yenye harufu kama ya samaki. Duniani, karibu mwanamke 1 kati ya 4 walio katika umri wa kuzaa huwa nayo, na wengi hawaoni dalili yoyote. BV huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati na hurahisisha maambukizi mengine, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Wala si ushahidi wa uzinzi, jambo ambalo waume wengi wangefaa kulisikia.

Mimba hupandisha estrojeni, na laktobasila hutamalaki. Fangasi nao hufaidi, ndiyo sababu wajawazito huwashwa zaidi. Lakini mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, estrojeni huporomoka na laktobasila hupungua ghafla. Huenda ikachukua miezi mingi, hata mwaka, hali kurejea. Mama anayenyonyesha anaweza kuwa mkavu, akachubuka, akaumia tendo la ndoa likianza tena. Huyo mwenye mtoto mgongoni pale kwenye benchi huenda hana ugonjwa wowote. Ana miezi mitano tangu ajifungue. Je, nani alimwuliza?

Sasa nyanya wetu. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni hupungua, pH hupanda kupita 5, laktobasila hupungua. Ukuta wa uke na wa njia ya mkojo unakuwa mwembamba na mkavu. Matokeo yake ni kuwashwa, kuchomwa, maumivu wakati wa tendo, kukimbilia choo kila mara, na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, zinazorudi hata baada ya dozi tatu za antibiotiki. Joto la ghafla la usiku hupoa miaka ikisonga. Ukavu huu haupoi wenyewe, na usipotibiwa huelekea kuzidi.

Cha kusikitisha ni kwamba dawa yake inajulikana siku nyingi. Mwaka 1993 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 93 waliokoma hedhi, ambao UTI zilikuwa haziwaishi. Waliopaka ukeni krimu ya estrioli, ambayo ni aina ya estrojeni, walipata wastani wa UTI 0.5 kwa mwaka. Waliopaka krimu isiyo na dawa walipata 5.9. Kwa waliotumia estrioli, laktobasila walirudi na pH ikashuka kutoka 5.5 hadi 3.8. Yaani mwili wa bibi ulirudishiwa uchachu wake, ukajilinda wenyewe bila antibiotiki. Krimu hiyo hutumiwa kwa kiasi kidogo, papo hapo ukeni, na wengi wanaweza kuitumia kwa usalama. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake. Asiyeitaka homoni anaweza kusaidiwa na vilainishi.

Mambo mawili zaidi kuhusu umri huu, na tunaomba yabandikwe ukutani. Mwanamke aliyekoma hedhi na asiyetumia homoni akipata fangasi mara kwa mara, apimwe sukari, kwa sababu kwa kawaida fangasi hupungua umri huo. Na damu yoyote inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi si hedhi iliyorudi. Ichunguzwe haraka mpaka saratani iondolewe kwenye orodha.

Sasa tazama vipimo vyetu. Mwaka 1983 daktari Richard Amsel na wenzake waliweka vigezo vya kutambua BV: majimaji ya aina fulani, pH iliyozidi 4.5, harufu ya samaki, na seli maalumu zinazoonekana kwa darubini. Mgonjwa akiwa na vitatu kati ya hivyo vinne, ana BV. Mwaka 1991 ukaja mtindo wa Nugent, unaohesabu laktobasila na bakteria wengine chini ya darubini. Vyote viwili vinafaa kwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Lakini nyanya mwenye pH ya 6 na laktobasila wachache si lazima awe na BV. Ndivyo mwili wake ulivyo sasa. Ukimsoma kwa karatasi ya binti yake utamtibu ugonjwa asio nao na kumwacha na ule alio nao.

Hesabu za taifa nazo zina ukuta mahali papo hapo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Wanaume waliulizwa mpaka miaka 54. Sababu inaeleweka: utafiti huo hupima uzazi. Ndiyo hoja yetu. Mwanamke anahesabiwa kwa uzazi wake; uzazi ukiisha, daftari linafungwa. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 89 ya watoto walizaliwa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Ni mafanikio makubwa, hatuyabezi. Lakini mama aliyezalishwa vizuri mara nne ana miaka 30 mingine ya kuishi baada ya hedhi ya mwisho, na miaka hiyo haiandikwi popote.

Tuseme pia kuhusu sabuni, kwa sababu hapa madhara yanajulikana na ushahidi wake umetoka kwetu. Tangu mwaka 1993 watafiti waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika kliniki ya Ganjoni, Mombasa. Mwaka 1999 walichapisha matokeo ya wanawake 657: wale waliokosa laktobasila ukeni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Mwaka 2006 wakachapisha ufuatiliaji wa miaka 10 wa wanawake 1,270 kuhusu kujiosha ndani ya uke. Waliojiosha kwa maji walikuwa na hatari ya VVU mara 2.6 ya wasiojiosha. Waliotumia sabuni, mara 3.8.

Soma tena. Waliojiosha zaidi ndio waliokuwa hatarini zaidi. Wanaume na wanawake tumelelewa tukiamini kwamba usafi ni kusugua mpaka ndani. Uke hujisafisha kwa ute wake na kwa uchachu wake. Nje, maji safi yanatosha. Ndani, usitie kitu. Mwenye kibuyu kizuri anakitunza kwa moshi wa mkaa wa mti wa oloirien, na asubuhi anamimina maziwa. Hamwagi sabuni ya unga humo kisha akategemea maziwa yachache vizuri. Na mama anayesikia harufu, akajiosha kwa sabuni, harufu ikarudi kali zaidi, akaongeza sabuni, anazunguka mduara ambao sabuni yenyewe ndiyo inauzungusha.

Biashara imeuona mduara huo kabla ya serikali. Kitengela, duka la dawa liko karibu kila kona, na mitandaoni kuna manukato ya ukeni, vifurushi vya mitishamba vya kuingizwa ndani, na krimu za kubana. Huku Bisil maduka ni machache na umbali ni mrefu. Mwanamke wa Kitengela anauziwa bila kuulizwa, wa Bisil anakosa pa kuuliza. Wote wawili wanaishia kutojua. Tunawaomba wenye maduka ya dawa waache kuuza vidonge vya antibiotiki na dawa za fangasi kama peremende. Kuna maswali mawili ya kumwuliza mnunuzi, ana miaka mingapi na hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, na hayachukui hata nusu dakika.

Wapo watakaosema hivi ni viwango vya Wazungu. Hoja hiyo ina uzito na inahitaji jibu. Mwaka 2011 timu ya Jacques Ravel nchini Marekani ilichunguza wanawake 396 wasio na dalili za ugonjwa, ikakuta aina tano za jamii za bakteria ukeni. Nne hutawaliwa na laktobasila. Ya tano ni mchanganyiko. Wanawake weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walikuwa na huo mchanganyiko mara nyingi zaidi, karibu 4 kati ya 10. Kwa hiyo mchanganyiko peke yake si ugonjwa, na mwanamke asiye na dalili asitishwe wala asiuziwe dawa. Lakini matokeo ya Mombasa yanatukataza kulala: kukosa laktobasila kunaweza kuwa kawaida ya wengi na bado kuwa hatari. Jibu ni utafiti zaidi kwa wanawake wetu wa kila umri, wa Kajiado wakiwemo.

Hatari hiyo hufika hata kwenye dawa. Afrika Kusini, jeli ya tenofovia iliyotengenezwa kupakwa ukeni ili kuzuia VVU ilifanya kazi kwa asilimia 61 kwa wanawake wenye laktobasila wengi, lakini kwa asilimia 18 tu kwa wale waliotawaliwa na bakteria wengine. Mwaka 2017 watafiti walieleza sababu: Gardnerella walikuwa wanaila dawa kabla haijaingia mwilini. Habari njema ni kwamba kidonge cha PrEP, kinachomezwa kuzuia VVU, hakipiti njia hiyo. Utafiti wa wanawake wa Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka huo huo, ulionyesha kwamba kidonge kinakinga hata mwenye BV. Katika mji ulio kando ya barabara ya Namanga, ambako malori hulala na wageni hupita, tofauti hiyo ifundishwe kliniki.

Kuna jambo jingine ambalo Kajiado haiwezi kulikwepa. Wengi wa wanawake waliopita miaka 50 katika kaunti hii walikeketwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ni ya mwaka 2011. Wao walikuwa wameshakatwa zamani. Shirika la Afya Duniani linataja maambukizi ya uke, BV ikiwemo, na matatizo ya mkojo miongoni mwa madhara ya muda mrefu ya ukeketaji. Weka kovu la utotoni, kisha ongeza ukavu wa kukoma hedhi, na utaelewa kwa nini nyanya huyu anaogopa hata kupimwa. Kampeni zetu zinawatetea mabinti wasikatwe, na ziendelee. Zisiwasahau waliokatwa tayari.

Pia wanaume wana sehemu yao. Rakai, Uganda, jaribio la tohara ya wanaume lilionyesha mwaka 2009 kwamba wake za waliotahiriwa walikuwa na BV pungufu kwa asilimia 40. Hapa Kajiado tohara ya wanaume ni jadi, lakini haimalizi kazi. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jozi 164 za wapenzi, mwanamume na mwanamke, ambapo mwanamke alikuwa na BV. Walipotibiwa wote wawili kwa siku 7, BV iliwarudia asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12. Alipotibiwa mwanamke peke yake, iliwarudia asilimia 63. Jaribio lilisitishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Mume anayemtuma mkewe kliniki mara ya tano kwa tatizo lile lile angefuatana naye.

Na vitu vidogo vina uzito. Katika shule za Siaya, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia wasichana 436 kwa miezi 30. Waliopewa vikombe vya hedhi walikuwa na uwezekano wa BV pungufu kwa karibu robo, na laktobasila wazuri zaidi. Tangu mwaka 2017 sheria inaitaka serikali iwape wanafunzi sodo bure. Tunaiunga mkono. Lakini kikombe cha hedhi huhitaji maji ya kukiosha na kukichemsha, na Bisil ni mji ambao mama hufuata maji na punda. Anayeleta vikombe bila kuleta bomba ameleta nusu ya msaada.

Tunataka nini, basi? Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi, na kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya ya uzazi. Hakikusema mpaka miaka 49. Kwa hiyo tunaiambia serikali ya Kajiado mambo matano.

Kwanza, kila kituo, kuanzia Kitengela hadi Bisil na vijiji vya mpakani, kiandike umri na tarehe ya hedhi ya mwisho kabla ya kuandika dawa ya uke. Mwongozo wa kitaifa unaruhusu kutibu kwa dalili pale maabara haipo. Tunaelewa. Lakini umri hauhitaji maabara, unahitaji swali.

Pili, karatasi za kupima pH na darubini ziwepo na zitumike, na wahudumu wafundishwe kuzisoma kulingana na umri. Darubini iliyofungiwa kabatini haitibu mtu.

Tatu, krimu ya estrojeni na vilainishi viingie katika orodha ya kaunti ya vitu vinavyonunuliwa mara kwa mara. Ni nafuu kuliko dozi tano za antibiotiki zisizofanya kazi, zinazozidi kuwapa bakteria usugu.

Nne, wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao mwaka 2023 kote nchini, wafundishwe kuzungumza na wanawake waliokoma hedhi. Wengi wao ni wanawake wa mitaa hiyo hiyo na wanajua Kimaa. Bibi atamwambia binti wa jirani aliyekaa naye kivulini jambo ambalo hatalisema mbele ya dirisha la usajili.

Tano, shule zifundishe kwamba ute wa ubalehe si uchafu, na kwamba ndani ya uke hakuoshwi. Somo hilo ni la dakika 10, na likisikika darasani litafika nyumbani kwa mama na kwa nyanya.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji hospitali mpya. Mengi yanahitaji mtu aketi, aweke kalamu chini kidogo, aulize. Turudi kwenye benchi letu. Mtoto apewe nasaha ya sabuni na uchunguzi wa upole. Mama mnyonyeshaji aambiwe mwili wake utarejea, na asaidiwe ukavu mpaka urejee. Nyanya apimwe mkojo na sukari, achunguzwe, na apewe krimu ya umri wake. Dawa zitakuwa tatu tofauti, na nyanya hatakuwa amepoteza nauli ya bodaboda bure.